Zamu Yangu ya Kusoma

Jumapili ya mwisho ya Septemba zamu ya kusoma ilikuwa yangu,
mimi Sostenes Mihayo, mzee wa kanisa,
mwenyekiti wa chama cha msingi, muhula wa tatu.
Sikulipitia somo usiku ule. Nani hulipitia?
Nilijua nitalisoma kama nisomavyo bei za madaraja mlangoni pa ghala:
polepole, miwani puani, watu wakiniangalia mdomo.

Kumbe ni yule nabii wa uhamishoni,
aliyeketi na mateka kando ya mto usio wao
akaambiwa, leo waache kondoo,
sema na wachungaji.

Nikasoma habari za maziwa, nani aliyanywa.
Habari za manyoya, nani alijifunika.
Nje miombo ilikuwa imechipua ile rangi yake ya damu changa,
mvua bado, vumbi la barabara ya Ipole likiingia dirishani,
na koti langu la sufu
(sufu, katika joto lile la Sikonge!)
likaanza kuniwasha shingoni.

Nikasoma habari za kondoo mgonjwa asiyeuguzwa.
Jicho likaniponyoka kwenye mstari
likamwangukia Lukelesha, benchi la nne:
marobota kumi na manne aliyoleta, tisa yaliyolipwa.
"Unyevu," nilimwambia. "Kampuni imekataa."
Kampuni haikukataa kitu.

Nikasoma habari za waliotawanyika,
nikaona nafasi wazi: pale alikaa Kasele na watoto wake sita,
aliyehama usiku kwenda Mpanda
baada ya deni la kikundi kula baiskeli, kisha mbuzi, kisha mabati.
Mimi ndiye niliyeyahesabu mabati hayo.
Ishirini na nane. Moja lina tundu la msumari;
mvua ikinyesha, tone hudondoka katikati ya kitanda changu.

Hapo ningeweza kukohoa nikaruka mistari.
Wazee wa kanisa tunajua kuruka.
Lakini macho yalikwisha kutangulia
hadi pale Mwenye kundi anaposema hataki maelezo,
anataka idadi,
na ataidai kwa aliyeshika fimbo.

Nikanyamaza.
Mchungaji akadhani ni miwani. Akainuka nusu.
Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Ndipo Kalunde, mjane wa Nkonya, asiyejua kusoma,
akaumalizia mstari pale alipokaa,
bila kusimama, bila hasira,
kama anayemwelekeza mgeni njia ya kisimani.
Akaunganisha na uliofuata: kwamba Mwenyewe atatoka kuwatafuta,
mmoja mmoja, hata waliopotelea ukunguni.
Akanitazama. "Endelea, mwenyekiti."

Sikuendelea.

Jumatatu nilifungua ghala kabla ya jua.
Nikatoa daftari, lile la pili, lililolala chini ya magunia ya mbolea,
na wanachama walipofika nikaliweka juu ya mizani.
Sijui kwa nini mizani. Mkono umezoea huko.
Mshale ukatikisika, ukarudi karibu na sifuri.
Watu wakautazama kwa muda mrefu.
Nilitaka kusema neno juu ya toba, nililiandaa njiani;
likakauka kinywani kama jani la daraja la mwisho.

"Ni jepesi," alisema Lukelesha.

"Si peke yake," alisema Kalunde. "Panda na wewe."

Nikaanza kufungua vifungo.

"Koti usivue," akasema. "Nalo tulipime."